Tafsiri ya Jina la Babu

Asubuhi moja mlinzi wa mapokezi alipiga simu jikoni akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mzee anayejiita jambazi.

"Sista, hebu shuka kidogo," alisema. Alikuwa kijana wa Kenya, mwenye adabu, ila hakuwa mtu wa kuzunguka na maneno. "Kuna mzungu hapa amevaa viatu vya ushago, vya shamba. Nimemuuliza jina, ananionyesha kitambulisho, nasoma vilen. Hiyo si ndiyo mtu mbaya wa kwa muvi? Na kwa kompyuta hatuna mtu kama huyo."

Niliacha sufuria, nikashuka na lifti huku mikono ina unga. Nilishajua ni nani. Nafanya kazi za ndani kwenye jengo moja la mtaa wa Pearl, hapa Doha, kwa mume na mke wa Kifaransa, na kipindi hicho mke alikuwa anasubiri mtoto wao wa kwanza. Mzee alikuwa baba wa bosi. Alikuja kutoka kaskazini ya Ufaransa, mkulima wa viazi na viazisukari, mtu aliyekuwa hajapanda ndege maishani mwake, ili mjukuu atakapozaliwa awepo. Mimi nilimwita Babu kuanzia siku ya kwanza, kwa kuwa sikuona namna nyingine ya kumwita mtu wa umri ule. Aliniuliza maana yake, nikamwambia, akalipenda. Asubuhi ile alikuwa ameshuka kutembea pembezoni mwa maji kutazama mashua za matajiri, akasahau kadi ya mlango.

Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya mapokezi, kofia mkononi, kidole amekiweka chini ya jina lake kwenye kitambulisho. Vilain. Kwa Kifaransa linatamkwa kama mtu anayesema "vile" kisha sauti ikamwishia puani. Lakini anayejua Kiingereza tu akilitazama, anaona neno la Kiingereza la yule mtu mbaya wa kwenye filamu.

"Ni wa kwetu," nilimwambia mlinzi. "Ni baba yake bosi."

"Sasa kama ni baba yake, mbona bosi ana jina lingine?"

Aliuliza bila ubaya wowote. Kosa lilikuwa kwamba, kabla sijafika, alikuwa ameigeuza kompyuta ili mzee ajionee mwenyewe kuwa jina lake halimo. Pale kwenye namba ya nyumba yetu palikuwa na jina moja, la ukoo wa madamu.

"Anasema nini?" Babu aliniuliza.

"Anasema kompyuta imeharibika."

Alinitazama, akaitazama kompyuta. "Hilo ni jina la mkwe wangu," alisema, akavaa kofia, akatangulia kwenye lifti. Hadi tunafika juu nilitazama namba za ghorofa zikibadilika kama mtu aliyefumaniwa. Si mimi niliyeliondoa jina lake pale. Lakini nilijua tangu zamani kwamba limeondolewa, na nilijua kwa nini.

Bosi alinieleza mwenyewe tulipohamia jengo hili. Ofisini kwake wengi ni watu wa Kiingereza, na jina lake liliwafurahisha mno. Kulikuwa na mmoja aliyempigia muziki wa kutisha kila alipoingia kwenye kikao. Mwingine alimletea kinyago cheusi siku ya kuzaliwa kwake. Alicheka nao, ndivyo alivyoniambia, akacheka mwaka mzima, kisha akachoka. Kuanzia hapo, kila mahali alipoweza, alitumia jina la mke wake: kwenye jengo, kwenye mikahawa, kwa fundi wa kiyoyozi. "Mtu yeyote akipiga simu," aliniambia, "wewe taja jina la madamu." Nikawa nataja. Kifaransa changu chote nimekipata ndani ya nyumba hii, miaka ya kupika na kufua na kusikiliza, na jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu jina lile ni kutolitamka.

Kwa siku kadhaa Babu hakumwuliza mwanawe kitu. Bosi aliondoka asubuhi akarudi jioni, madamu alilala mchana kwa sababu ya uzito wa mimba, na mzee akabaki jikoni na mimi. Alivuta kiti, akachukua kisu, akaanza kumenya chochote nilichokuwa nacho mezani. Siku moja akaanza kunisimulia habari za jina, bila mimi kumwuliza. Nadhani alikuwa anazungumza na mwanawe kupitia kwangu.

Alisema zamani kwao watu hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa na jina la ubatizo, basi. Vijiji vilipojaa watu wenye jina lile lile la ubatizo, makarani na mapadri wakaanza kuwatofautisha. Huyu wakamwita kwa kazi yake, mhunzi au mwokaji. Yule kwa jina la baba yake. Mwingine kwa mahali alipokaa, darajani au msituni, na mwingine kwa umbo lake, mnene au mwekundu wa nywele. Mababu zake yeye waliishi kwenye shamba la bwana mkubwa. Shamba la namna hiyo kwa Kilatini liliitwa villa, na mtu wake akaitwa kwa neno lililotokana na hilo. Maana yake haikuwa zaidi ya hapo: mtu wa kwenye shamba.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu wakubwa wakaanza kulitumia kwa mtu asiye na adabu. Halafu kwa mtu mwenye sura mbaya. Sasa mama akimkaripia mtoto aliyemwaga maziwa anamwita hivyo hivyo." Alicheka kidogo. "Padri wetu wa zamani ndiye aliyenieleza. Huenda mengine aliyatunga."

Nikamwuliza kama walio na jina hilo ni wengi. Akasema ukienda kusini ya nchi yao unaweza kuishi maisha yako yote bila kukutana na mmoja, lakini kule kwao, karibu na mpaka wa Ubelgiji, wamejaa, na hata ng'ambo ya mpaka wapo. Kijijini kwake kuna koo zenye jina hilo ambazo hazina undugu wowote. Kwa hiyo watu wanasema wale wa kisimani, wale wa kinuni, na wao wakiwa wale wa matopeni, kwa kuwa mashamba yao yako bondeni. Alisema ukiingia makaburini unaliona jina hilo kila unapogeuza shingo, na kwenye mnara wa waliokufa vitani limeandikwa mara nyingi hata wageni hudhani mchongaji alikosea.

"Na wewe?" aliniuliza. "Kwenu mnalima?"

"Mimi natoka Tanga," nilisema. "Mjini."

"Ah." Niliona amevunjika moyo. Akarudi kwenye karoti yake.

Mimi si wa Tanga mjini. Nimezaliwa milimani, Lushoto, na tena si Lushoto penyewe palipo na soko na benki, bali mbali huko juu ambako mama yangu mpaka leo analima viazi na kabichi kwenye miteremko. Tanga nilishuka msichana mkubwa kufanya kazi za ndani, na mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuwa akiwaita majirani waje wasikie ninavyozungumza. Nilichekwa Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kisambaa. Nilichekwa nilivyoogopa jokofu. Waliniita mshamba mpaka nikawa naitika. Basi nilipojifunza kusema kama wao, nililinda kile nilichokipata. Hapa Doha, kati ya Wakenya na Waganda ninaosali nao, mimi ndiye Mtanzania wa Tanga mwenye Kiswahili kitamu. Wakibishana juu ya neno huja kwangu. Sifa hiyo naipenda kuliko inavyostahili kupendwa.

Ijumaa ikafika. Hapa Ijumaa ndiyo siku yetu ya kanisa, na makanisa yote yako pamoja ndani ya ukuta mmoja kule Mesaimeer. Babu ni Mkatoliki, mimi ni Mlutheri. Bosi hakuwa mtu wa ibada na madamu hakuweza kukaa muda mrefu kwenye kiti kigumu, kwa hiyo nikaombwa nimpeleke. Tulichukua teksi. Alivaa koti la sufu alilovaa kwenye mazishi ya mkewe, aliniambia, na suruali iliyopigwa pasi na mimi. Langoni tulipanga foleni pamoja na Wahindi, Wafilipino na watu wetu, tukakaguliwa mikoba, kisha nikamwacha mlangoni kwa Wakatoliki, mimi nikaenda kwenye ukumbi wa ibada yetu ya Kiswahili. Tulikubaliana nimfuate baadaye.

Nilipomfuata alikuwa ameng'aa uso. Alisema hajawahi kuona kanisa limejaa vile tangu utoto wake. Ningempeleka nyumbani moja kwa moja, lakini wenzangu walikuwa wamekaa kivulini nyuma ya ukumbi na chupa za chai na chapati, kama kawaida yetu, na alitaka kuwasalimia. Nikampeleka. Nilijisikia vizuri kuwa na mgeni wangu.

Walimpokea vyema. Wanawake wanaofanya kazi hotelini walimpa kiti pekee kilichokuwapo. Mganda mmoja, dereva, alimmiminia chai. Alikula chapati, akasifu, akaongezewa. Kisha dada mmoja wa Kenya, yule mchangamfu ambaye hakuna kimya kinachomshinda, akaniuliza mzee anaitwa nani.

Nililitaja jina. Dereva, anayejua Kiingereza vizuri, akashtuka, akarudia kwa Kiingereza, na wengine wakaanza kutabasamu. Babu aliyaelewa matabasamu yale. Alikuwa ameyaona maisha yake yote. Akaniomba niwaeleze kwamba si hivyo, kwamba maana yake ni nyingine. Akaanza kunieleza tena, polepole, ili nitafsiri: mtu aliyekaa kwenye shamba la bwana, akalima, akafuga, mtu asiye na cheo ila asiye na ubaya. Aliongea akiwa amenyooka kwenye kiti, kikombe ameshika kwa mikono miwili.

Wote wakanigeukia mimi.

Nilikuwa na neno mkulima. Neno hilo lipo, kila mtu analijua, ni neno zuri, na lingetosha. Sijui lilikwenda wapi. Nilichoona ni nyuso zinazonisubiri, na nilijua kuna neno jingine, fupi, litakalowaangusha wote kwa kicheko.

"Kwa kifupi," nilisema, "huyu ni Bwana Mshamba."

Walicheka hadi yule dada akamwaga chai. Dereva alisimama akampa mzee mkono. "Karibu sana, Bwana Mshamba. Na sisi tumetoka huko huko." Hakuna aliyemaanisha ubaya, ndivyo tunavyotaniana. Babu alitazama huku na huku, kisha na yeye akacheka, baada ya wengine, kama achekavyo mtu asiyeijua lugha. Akaweka kiganja kifuani akasema, "Mshamba," akajaribu tena mpaka akalitamka sawasawa. Wakacheka upya. Mimi nilicheka pamoja nao. Ningeweza kuwaambia wanyamaze. Ningeweza kumwambia yeye. Nilikusanya vikombe.

Kwenye teksi alikuwa na furaha. Tulipopita Abu Hamour, kwenye foleni ya magari, alirudia neno lile chini chini akitazama dirishani. Alisema rafiki zangu ni watu wazuri. Nilimwambia ndiyo, ni watu wazuri, na kutoka hapo mpaka Pearl nilikaa nikiomba asahau.

Hakusahau. Yule mlinzi wa mapokezi, tangu siku ya kompyuta, alikuwa amefanya urafiki naye. Kila alipopita walisalimiana kwa Kiingereza chao cha kuokoteza. Kesho yake Babu akashuka kutembea, akajipiga kiganja kifuani mbele yake: "Mimi mshamba." Mlinzi alinihadithia baadaye, naye akiwa na aibu. Alijaribu kumzuia. Alimwambia hapana, usiseme hivyo, mzee, nani amekufundisha? Na Babu alipoendelea kuuliza kwa nini, ikabidi amwonyeshe. Alisimama katikati ya ukumbi ule wa marumaru akaigiza mtu aliyeingia mjini mara ya kwanza: mdomo wazi, anatazama dari, anajikwaa.

"Sista, ningefanyaje?" aliniuliza. "Aliniuliza mara tatu hivi. Na wewe ndiye ulimfunza?"

Nilimwambia ni watu wa kanisani.

Siku chache baadaye, jioni, wakiwa mezani, Babu aliuliza alichokuwa anakizunguka tangu aje. Nilikuwa naleta viazi vya kuoka vyenye maziwa na jibini, chakula alichokipenda.

"Mtoto ataitwa jina gani la ukoo?"

Madamu aliweka uma chini. Bosi alisema kwa sauti ya kawaida mno kwamba walikuwa wamefikiria jina la mama. Sheria inaruhusu, alisema, wengi wanafanya hivyo siku hizi, ni jambo dogo.

"Kama ni dogo, kwa nini hukuniambia?"

"Baba, hapa kila mtu anaongea Kiingereza. Hujui wanavyolisikia."

"Najua wanavyolisikia. Hata kwetu najua wanavyolisikia." Hakupandisha sauti. "Nilikuwa shule kabla yako."

Mimi nilikuwa bado nimeshika bakuli la moto kwa vitambaa, sijui niliweke au nirudi nalo. Madamu ni mwanamke mwenye huruma, na nadhani alitaka tu kupunguza uzito pale mezani. Alinitazama akatabasamu. "Muulizeni yeye," alisema. "Katika lugha yenu, jina kama hili lingekuwa nini?"

"Mkulima," nilisema haraka.

Babu akageuza kichwa. "Siyo hilo ulilosema kanisani."

Niliweka bakuli mezani.

"Ulisema mshamba," alisema, na alilitamka vizuri kabisa, kama mtu wa kwetu.

Bosi akauliza hilo lina maana gani. Nilisema ni mtu wa shambani. Kisha nikaona Babu bado ananitazama, ananisubiri nimalize, nikasema, "Lakini watu wakilisema, huwa wanacheka."

"Ndiyo," alisema Babu. Akamgeukia mwanawe. "Unaona? Ni lile lile. Hata kwao limepita njia ile ile. Mtu anakaa shambani, anawalisha, mwisho jina lake linakuwa tusi." Akanyoosha sahani nimpakulie. Hakuwa na hasira nami hata kidogo. Alikuwa karibu kuridhika, kama mtu aliyekuta jambo la kwao limefika mbali. Angenikaripia ningevumilia. Nilimpakulia, kijiko kikagonga sahani, na bosi akatazama meza. Nadhani kwa dakika ile mimi na bosi tulikuwa tumekaa kwenye kiti kimoja.

"Fanyeni mtakavyo," Babu alisema baadaye, wakati naondoa vyombo. "Mimi jina hili sikulichagua. Nilipewa kama mtu anavyopewa shamba lenye mawe. Nimelilima, basi."

Asubuhi yake alikuja jikoni kama kawaida, akavuta kiti, akachukua kisu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri.

"Babu, lile neno..."

"Unamenya nene mno," alisema. "Unatupa nusu ya kiazi."

Nikamenya nyembamba. Nikajaribu tena. Nilimwambia lilinitoka kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na kwamba mimi mwenyewe niliitwa hivyo miaka mingi.

"Tanga mjini?"

Nikamwambia ukweli. Nikamweleza Lushoto, njia inayopanda na kujipinda, baridi ya asubuhi, mama na viazi vyake. Aliacha kumenya. Sikujua atafanya nini. Aliuliza udongo wake ni wa rangi gani.

"Mwekundu. Chini mtoni, mweusi."

"Mvua ikizidi, majani hayaungui?"

"Yanaungua. Ukungu ukikaa siku nyingi, shamba zima linakuwa kama limepigwa moto."

"Na mama yako hufanyaje?"

Nilimweleza. Anang'oa yaliyoathirika, anachoma, mwaka unaofuata anahamishia viazi upande mwingine, pale anapanda maharage. Alitikisa kichwa kukubali kila hatua. Tuliongea hivyo asubuhi nzima, na hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi niliyofanya juu ya nyumbani tangu nije nchi hii. Nilipokuwa naweka sufuria motoni, aliuliza, si kwa ukali, "Sasa kwa nini uliniambia mjini?"

Nilifunika sufuria. Hakurudia swali. Pia hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi nilikuwa nimekaa nikisubiri neno hilo kama mtoto.

Mtoto alizaliwa wiki iliyofuata, msichana, mzima. Alipewa jina la ukoo wa mama yake. Babu alimshika hospitalini akiwa amevaa koti lile la sufu, akamnusa kichwani. Alikaa nasi kidogo, akajifunza kumpakata kwa mkono mmoja, kisha akasema kwao ni wakati wa kutengeneza mashine kabla ya kupanda, akaondoka. Pale chini aliagana na mlinzi kwa kumkumbatia. Mimi alinipa mkono, akasema nimsalimie mama yangu, na nimwambie ajaribu kuacha mbegu zichipue kwenye mwanga kabla ya kuzifukia. Nikasema nitamwambia. Mama hufanya hivyo miaka yote, lakini hilo sikumwambia Babu.

Bosi alimpeleka uwanja wa ndege, akarudi mchana. Madamu na mtoto walikuwa wamelala. Aliingia jikoni, jambo asilolifanya mara kwa mara, akala akiwa amesimama, kutoka kwenye sufuria.

"Kanisani," alisema, "ilikuwaje hasa?"

Ningeweza kupunguza. Nilimwambia yote: chai, chapati, mzee alivyonyooka kwenye kiti akieleza, mimi nilivyotafsiri, walivyocheka.

"Na yeye alicheka?"

"Alicheka. Mwisho, baada ya wengine."

Alikaa kwenye kile kiti cha baba yake. Akanisimulia kwamba alipokuwa mdogo, mwalimu mgeni alisoma jina lake darasani, watoto wakaangua kicheko, na kicheko kile kikaendelea mwaka mzima. Baba yake aliposikia alikuja shuleni. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, na buti zake za mpira, akaacha matope kwenye korido yote, ili kuzungumza na mwalimu. Alizungumza vizuri, bosi alisema. Mwalimu akaomba radhi. Watoto walikuwa madirishani.

"Nilijificha chooni mpaka alipoondoka," alisema. "Aliniulizia. Waliniita, nikawasikia wakiniita."

Nilitaka kusema pole, lakini pole kwetu husemwa na mtu aliye nje ya jambo. Nilifungulia maji, nikaanza kuosha vyombo. Alisimama akaja na sufuria yake, akaioshea pembeni yangu, bila haraka, akaifuta, akaniuliza inakaa kabati gani. Nilimwonyesha. Chumbani mtoto akaanza kulia, naye akaenda, mikono bado imelowa.